Fundi wa Presha

3 Machi

Mwanangu,

Naandika mbiombio, kondakta wa basi la mchana yuko getini ananiharakisha. Safari ya kuja kwako wiki hii haipo tena. Presha imeharibika kabisa. Inapanda, inashuka, inapanda, kutwa nzima haitulii, na ikishuka siwezi hata kunawa uso. Fundi amegongagonga ubavuni, akasikiliza, akasema mpira wa ndani umepasuka, dawa ni kutoa chote na kuweka kipya. Anakuja kesho asubuhi.

Usihangaike. Nitakuandikia yakiisha.

Mama yako


5 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Fundi? Tangu lini daktari anaitwa fundi? Na ni daktari gani huyo anayemgonga mtu ubavuni, kisha anasema atatoa chote aweke kipya? Anatoa nini? Anaweka nini? Mpira gani uko ndani ya mama yangu?

Simu yako inaita tu. Najua, najua: ulipokea simu za watu kazini mpaka ukastaafu, na sikio lako likastaafu pamoja nawe. Lakini mama, kuna siku ya mtu kupokea simu.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya kumzika baba. Mimi nilitaka uje kukaa kwangu siku ileile. Ukakataa, tukabishana mpaka shangazi akatutoa nje. Mwisho ukasema kwa mdomo wako, shangazi akiwa shahidi: "Siku presha itakaponipata kama ilivyompata baba yako, nitafunga nyumba hii na kuja." Nami nikanyamaza kwa sababu ya ahadi hiyo.

Basi imekupata. Chumba kiko tayari na kitanda nimekitandika. Usikubali kuguswa na mtu yeyote anayeitwa fundi. Nijibu kwa basi la kwanza.

Mwanao


9 Machi

Marahaba, Mpelelezi wangu,

Shangazi yako alikuwepo niliposoma barua yako kwa sauti, na alicheka mpaka akashika mbavu. Presha ya maji, mtoto wewe! Ya tangi! Lile tangi la bluu nyuma ya jiko, kati ya kisima na ukuta. Na wewe unalijua, ulikuwa unalipanda ukijifanya dereva.

Sasa kaa chini nikueleze, maana najua bila maelezo hutalala. Pampu inavuta maji kisimani na kuyasukuma kwenye tangi. Ndani ya tangi kuna mpira kama puto: huku maji, huku hewa. Ile hewa ndiyo inayoyasukuma maji mpaka jikoni, pampu ikiwa imepumzika. Mpira ukapasuka, hewa ikatoroka, tangi likajaa maji hadi shingoni. Basi nikifungua koki nisuuze kijiko, pampu inawaka: ngrrr! Nikifunga, inazima. Nikisuuza kijiko cha pili, ngrrr! Mshale wa geji, kile kipimo cha presha, unaruka kama umepagawa. Mwisho pampu yenyewe ikaanza kunuka moto, ndipo nikaita fundi.

Jina lake halisi sijalisikia, mtaa mzima unamwita Koki. Ni mtu mzima, mvi zimemjaa, haongei sana. Juu ya tangi kuna kivalvu kama cha tairi la baiskeli. Akakibonyeza, na badala ya hewa yakaruka maji, yakamwingia jichoni. Akajifuta, akaniambia, "Pole mama, huyu amekwisha." Nikamwambia, "Wewe bwana, usiniletee tanzia uani kwangu, mimi nimeshafiwa."

Kesho yake alikuja mapema. Alizima umeme, akachomoa fyuzi akaitia mfukoni mwa shati, eti haamini mtu na swichi. Akafungua koki ya chini kumwaga maji. Tangi likawa zito mno, ikabidi amwite yule mwenye duka la kona, wakalisukuma huku wakigombana nani anasukuma na nani anaegemea tu. Jipya lilipokaa mahali pake, hakuruhusu maji kwanza. Alijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akapima, akapunguza, akapima tena. Mwenye duka akasema, "Jaza tu, hewa ni ya bure." Koki akamjibu kuwa hewa ikizidi maji hayaingii, ikipungua pampu haipumziki. Kiungo cha chini kilidondosha tone moja. Mimi nisingeliona. Yeye alifungua chote, akazungusha tepu upya, akakaza.

Umeme uliporudi mshale ulipanda, ukasimama. Nikafungua koki ya jikoni, maji yakatoka yamenyooka, na pampu kimya. Niliacha maji yatiririke nikiyatazama tu. Nilifurahi, mwanangu, siwezi kukudanganya.

Kitanda ulichotandika mpe mgeni. Nikija kwako nitakuwa mtu wa kuomba ruhusa kufungua dirisha. Hapa nikiamka najua kila sauti inatoka wapi. Presha ya tangi imepona, na ya mwilini sina.

Mama yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Haya, nimecheka na mimi, ingawa nilicheka nikiwa nimefunga mlango wa ofisi. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya dharura kwa bosi. Nilipomwambia mgonjwa ni tangi, alinitazama kama ninavyowatazama wateja wetu wanaosema gari liliungua lenyewe.

Usinilaumu. Kazi yangu ni bima. Kutwa nasoma madai ya watu na kutafuta palipofichwa uongo, na mara nyingi naupata. Nikirudi nyumbani siwezi kuvua macho nikayaweka mezani.

Kwa hiyo niulize tu: huyo Koki ni wa wapi? Nani alikuelekeza kwake? Ana familia? Simshuku, nauliza.

Mwanao, Mpelelezi


20 Aprili

Mwanangu,

Salama hapa. Umenilalamikia kwamba nimekaa kimya. Kimya ni kwa sababu ya presha tena, ile ya tangi. Ni jipya lakini halijatulia. Inapanda bila sababu. Fundi Koki amesema lisipofuatiliwa linaweza kuleta madhara ya ghafla, kwa hiyo siku hizi anapita kila Jumatatu na Alhamisi kupima. Anapima, ananiambia imefika wapi, anakwenda zake.

Amesema adui mkubwa ni chumvi. Na mimi nisibebe ndoo, nisipande ngazi, nisikasirike ovyo. Yaani nisiifungue koki kwa hasira.

Mengine ni ya kawaida. Mbaazi zimestawi. Shangazi yako amekwenda kwa wajukuu wake. Naandika kwa kifupi, kichwa kinanigonga kidogo kwa jua la leo.

Mama yako


25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma madai, na imenitia mashaka.

Chumvi gani? Maji ya kisima chetu ni matamu, baba alikuwa akijisifu nayo kwa wageni mpaka wanaona haya. Yamekuwa ya chumvi lini? Halafu nimemuuliza fundi wa maji wa jengo letu hapa. Nimemwambia tangi jipya linapimwa Jumatatu na Alhamisi. Aliweka spana chini akauliza, "Linapimwa au linachumbiwa?" Anasema tangi likiwekwa vizuri unalisahau. Unaweza kuangalia hewa yake mara chache kwa mwaka, basi.

Mama, huyo mtu anatafuta kitu. Ama alikuuzia tangi bovu na anazungukazunguka usijue, ama ameona mjane mwenye nyumba, kisima na uwanja, akapiga hesabu zake. Mwanamume mzima hafunguliwi geti mara mbili kwa wiki kwa ajili ya geji. Nani amemwambia akukataze kukasirika? Hilo ni tangi au ni ndoa?

Mfunge geti. Kama huwezi, niambie, nitamfungia mimi.

Mpelelezi


2 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenikera. Mimi ni mtu mzima. Nimewaunganishia wanaume simu za wake zao na za wasio wake zao mpaka nikachoka, kwa hiyo mwanamume mwenye nia mbaya namjua kwa namna anavyosema "haloo." Fundi Koki anafanya kazi niliyomwomba. Basi.

Na mimi nina maswali yangu. Kitanda ulikitandika lini? Ulisema kiko tayari siku uliyosikia presha, kwa hiyo kilikuwepo kabla. Ulikuwa unanisubiri niugue? Na mwezi uliopita ulimuuliza shangazi yako kama watu wanapangisha nyumba mtaa huu. Ameniambia. Nyumba ya nani hiyo inayopangishwa? Mimi bado nimo ndani, nguo zangu ziko kambani.

Tangi ni langu, presha ni yangu, geti ni langu.

Mama yako


6 Mei

Kwa Mwenye Duka la Kona,

Salamu, kaka. Ni mimi binti wa nyumba ya kisima. Nakuomba msaada, na uwe wa siri. Kuna fundi anaitwa Koki anaingia kwa mama kila wiki. Dirisha la duka lako linatazama uani kwetu. Niangalizie anakuja na nini, anafanya nini na anakaa muda gani. Usimwambie mama. Nina wasiwasi wa kweli, sio umbea.

Binti wa nyumba ya kisima


11 Mei

Kwa Dada Binti,

Salamu zimefika na mimi nakusalimu. Umbea siupendi, lakini kwa kuwa umeuita wasiwasi, nimeangalia.

Fundi anakuja hana spana. Hana tepu, hana pampu ya baiskeli, mikono safi. Ana kifuko cheusi tu, cha kubana kwapani. Kwenye tangi hafiki. Analipita kama halijui. Anaingia barazani, mama anatoa kiti, wanakaa wanakaribiana. Alhamisi pazia lilikuwa wazi. Mama alikunja mkono wa gauni hadi juu. Fundi akamshika mkono, dada, na wote wawili wakatazama chini, kama watu wanaosali. Halafu fundi akatikisa kichwa, akasema kitu, mama akafuta macho.

Akitoka humwachia mama kijibahasha. Mimi sijasema chochote. Nimesema nilichoona.

Nadhani mama ameanza kuniona, maana jana alinunua kiberiti kwenye duka la mbali.

Mwenye Duka


14 Mei

Kwa Fundi anayeitwa Koki,

Najua unafanya nini nyumbani kwa mama yangu. Tangi hulifikii. Unamshika mkono mjane barazani, unampa vijibahasha, unamliza. Sijui unamwahidi nini, lakini nimeshakutana na watu wa aina yako kwenye mafaili na wote walikuwa na sauti ya upole.

Kuanzia leo usikanyage kwetu. Ukionekana getini nitakwenda polisi, kisha nitamleta mama huku siku hiyohiyo na nyumba nitaifunga kwa kufuli. Ukimpenda kweli kama unavyojifanya, utamwacha abaki kwake.

Binti yake


18 Mei

Binti,

Barua yako haikuwa na salamu, mimi nakusalimu.

Nimeelewa. Sitakuja. Kitu ambacho mama yako anakiogopa kuliko vyote ni kuondolewa pale, na mimi sitaki kuwa sababu. Kuna mambo nimeapishwa kutoyasema na sitayasema. Lakini nakuomba kwa heshima zote, tafuta mtu mwingine wa kuipima. Yeyote. Presha ile si ya kuachwa hivihivi.

Fundi


22 Mei

Mwanangu,

Umemfukuza. Alikuja kuniaga akiwa nje ya geti, hakuingia hata nilipomkaribisha, akasema ametii.

Najua pia nani alikupa habari. Mwenye duka anauza sukari na macho. Siku hizi nikitoka naona pazia lake linacheza, na nikibeba kifurushi anajua kabla mimi sijakifungua. Basi sitoki. Usiniulize ninapataje mahitaji yangu, mengine yamekwisha na nimeacha yaishe.

Umeshinda. Hakuna anayepima chochote hapa.

Mama yako


20 Juni

Shikamoo Fundi,

Nimerudi kazini, nimeshindwa kufanya chochote, ndiyo maana nakuandikia.

Mwenye duka aliponipigia simu ofisini, neno lake la kwanza lilikuwa maji. "Maji yanatoka chini ya geti lenu na hakuna anayefungua." Nikajua tangi limepasuka. Mungu anisamehe, Fundi, nilifurahi. Nilisema kwa sauti, wenzangu wakasikia: "Nilijua tu, fundi tapeli!" Halafu akaniambia amekuita wewe uje ufunge maji, kwa kuwa ni wewe unayejua koki kuu ilipo, na wewe ukaruka ukuta, ukamkuta mama sakafuni jikoni, mdomo umekwenda upande, sinki limefurika juu yake. Tangi lilikuwa zima. Lilikuwa linafanya kazi yake.

Hospitali nesi aliniuliza mama anatumia dawa gani za presha. Nikamjibu kwamba mama hana presha, mwenye presha ni tangi. Alinitazama, akadhani nimechanganyikiwa. Wewe ndiye uliyezitaja dawa, moja baada ya nyingine, ukiwa umesimama nyuma ya mlango kwa sababu nilikukataza kukanyaga kwetu na hukujua kama wodi nayo ni kwetu.

Siku zote zile ulikaa mwisho wa benchi na hukunilaumu. Afadhali ungenilaumu.

Nataka kujua ilianzaje. Mama kila nikimuuliza anafumba macho anajifanya amelala, na mimi namjua akilala kweli anakoroma.

Na lile jambo la kwenye benchi, siku uliponiona nimeshika kichwa ukafunga kimashine chako kwenye mkono wangu: zile namba tulizoziona, nakuomba zibaki kati yetu. Mama asijue. Ana yake ya kutosha.

Binti


24 Juni

Marahaba Binti,

Mama yuko nyumbani sasa, shangazi yako amehamia kumwangalia. Mguu unarudi. Mkono wa kulia bado mzito. Ulimi umerudi wote, na shangazi yako anasema afadhali ungebaki nusu.

Ilianza mwezi wa nne. Nilipita kuangalia kile kiungo kama kinashika, nikamkuta ameegemea ukuta, anasema uwanja unazunguka. Mimi presha ninayo miaka mingi, kimashine natembea nacho kwenye kile kifuko cheusi. Nikampima nikaogopa. Nikampeleka kliniki, wakampa dawa, wakasema ipimwe mara kwa mara. Tulipotoka tu akanikamata shati. Akasema, "Mwanangu akisikia, nimekwisha, nimeshatoka kwangu." Nikauliza, "Utamwambia nini akiuliza ninafuata nini?" Akacheka. Akasema, "Mwanangu mwenyewe amenifundisha. Nitamwambia presha ya tangi. Huo utakuwa ukweli uliokosa neno moja tu."

Dawa nilikuwa nikimchukulia mimi, ndizo zile bahasha. Hakutaka kupita mbele ya duka nazo. Uliponikataza, nilimwambia aende mwenyewe. Hakwenda. Alisema mwenye duka atakuandikia kabla hajafika nyumbani. Na mimi nilikaa kwangu nikashika amri yako na kiapo chake, nikavitunza vyote viwili vizuri sana, nikamwacha mtu aanguke. Usijibebeshe peke yako.

Hilo la kwenye benchi nimelisikia. Lakini Binti, sasa nina presha yangu, ya mama yako na yako. Mimi ni fundi wa maji. Mama akiniuliza ana kwa ana sijui kama nitaweza, mimi si hodari wa uongo. Nenda kliniki. Nakuomba kama nilivyokuomba ile mara ya kwanza.

Fundi Koki


28 Juni

Mama,

Shikamoo. Shangazi atakusomea hii. Sitaandika mengi.

Nimefikiria. Baki nyumbani kwako. Ahadi ile ya siku ya msiba nimeifuta, shangazi ni shahidi. Fundi Koki aje kukupima siku zake zote, aingie, akae, akushike mkono apendavyo. Nimemwandikia mwenye duka kwamba sasa atazame duka lake. Kuhusu kupangisha nyumba, niliuliza kweli. Niliona bora nyumba iwe na watu kuliko iwe na popo. Ningekuuliza wewe kwanza. Nisamehe, mama.

Ningependa kuja mwisho wa wiki lakini sitaweza. Sina tatizo lolote, ni kazi tu. Kuna presha kubwa sana ofisini siku hizi, kichwa hakitulii. Ikipungua nitakuja.

Mwanao anayekupenda


5 Julai

Mwanangu,

Anayeandika ni Fundi, ninayesema ni mimi. Shangazi yako hakufaa, anarekebisha maneno yangu. Fundi nimemwonya aandike yote, hata yatakayomchoma.

Barua yako ilinifurahisha mpaka shangazi alipoikunja. Halafu nikaanza kuona haikai sawa. Mwanangu mimi namjua. Huyu ni mtoto aliyetaka daktari wa meno amwonyeshe kwanza kwamba meno yake si ya bandia, ndipo akubali kufungua mdomo. Leo ananiachia nyumba bila hata kubishana mstari mmoja? Anafuta ahadi aliyoishika tangu tulipomzika baba yake? Nikajiuliza, huyu anakimbia nini? Nikajua: ahadi ile imeanza kumtisha na yeye, maana anayepatwa na presha ndiye anayefunga nyumba yake.

Nikamwita Fundi. Nikamuuliza, "Mwanangu ana nini?" Akaniambia ngoja aangalie tangi kwanza. Akaenda akaanza kuifuta geji kwa leso. Geji haina vumbi, niliifuta juzi na mkono huu huu mbovu. Nikamfuata kwa mkongojo, nikasimama nyuma yake. Aliifuta geji ile mpaka nikamwonea huruma. Hakuniambia kitu, amekushikia siri yako, usije ukamlaumu. Na sasa hivi anaandika hapa na masikio yamemwiva.

Presha ya ofisini! Unaniambia mimi! Mimi niliita ya tangi, wewe unaita ya kazi, na baba yako, sijawahi kukwambia, yeye aliita ya jua. "Ni jua tu, mke wangu, nikae kivulini kidogo." Nikamwamini, nikaendelea na kupika. Sasa mtu wa pili simwamini, hata akiwa mwanangu, hata akiwa na bosi shahidi.

Hapa namnyang'anya Fundi kalamu.

mwanangu herufi zimelala ni za mkono wa kushoto usicheke

presha imenipata mimi na wewe imekupata kwa hiyo usiifute ahadi yangu bila kuniuliza

njoo kabla ya Alhamisi tupimwe wote kisha tukae barazani tubishane nani anahamia kwa nani

mama yako